Asiyeweza kupanda abaki akilinda mabegi?

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, mnisamehe jamani. BTP ilinibana, na niliporudi kampasi nikakuta ripoti na testi zimejipanga mlangoni kama wadai. Leo nimesema liwalo na liwe, naandika. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu nikiwa nyumbani Sumbawanga na nisipolitoa hapa sijui nitalitolea wapi.

Jambo lenyewe ni kutembea. Naona mshaanza kucheka. Nasema kutembea kwa miguu, milimani, kwa kutaka mwenyewe, bila kuchota maji wala kutafuta kuni. Na swali langu ni hili: hivi milima ya kwetu ni ya nani? Ni ya wenye miguu mizima tu?

Wengi hapa kampasi nikiwaambia natokea Sumbawanga swali la kwanza huwa moja: umekuja kwa basi au kwa ungo? Nimeshazoea. Lakini kwa faida ya wasiojua, wazee wa Kifipa wanasema jina lenyewe maana yake ni "tupa uchawi". Yaani mji unamwambia mgeni auache huko huko alikotoka, nyie mnafikiri ndo kwanza anaenda kuuchukua! Mambo haya ya ungo yana madhara yake lakini. Kwetu mtu mzima akionekana anazungukazunguka mlimani hana jembe wala shoka, ataulizwa anatafuta nini. Na wenyewe tukaishia kuona kwamba kutembea milimani ni mambo ya wazungu wenye mikoba mgongoni. Milima tunayo, tunaiangalia kutoka dirishani.

Kwa wasiofika, niwape picha kidogo (mie ni mtu wa Jiografia, vumilieni). Ufipa ni uwanda wa juu ulioinuka katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Magharibi unashuka Ziwa Tanganyika, mashariki unashuka Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko juu kiasi cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Kwa hiyo tofauti ni karibu kilomita moja nzima ya kushuka! Pembeni mwa mji kuna milima ya Mbizi, vilele vyake vinavuka mita 2,000, na huko kuna msitu wa hifadhi wenye mbega wekundu. Upande wa bonde la Rukwa kuna ule ukuta mkubwa tunaouita Lyamba lya Mfipa. Juu ni baridi, ukishuka bondeni joto linakupokea kama umefungua mlango wa tanuri.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Shule niliyopangiwa kufundisha (sitaitaja, na kosa lenyewe ni langu) iliamua kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Mbizi kwa somo la Jiografia. Wazo lilikuwa langu. Nilifurahi sana, nikajiona mwalimu wa kisasa, si wa kuchora milima ubaoni. Nikapanga kila kitu: ruhusa, maji, viazi vya kuchemsha, madaftari. Nikapanga na njia, ile ninayoipenda mie, inayokwenda moja kwa moja juu kabisa mpaka unaona mji wote chini kama umemwaga punje za mahindi.

Tulipofika chini ya mlima, kabla sijasema lolote, binti mmoja akanifuata. Anatembea na gongo, mguu mmoja haukukua sawa na mwenzake. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Madam, mabegi nitalinda mimi."

Hakulalamika wala kununa. Alisema kama mtu anayeijua kazi yake. Na mie, nawaambia ukweli wadau, nikasema "asante, umefanya vizuri." Nikaona tatizo limekwisha! Tukapanda, tukaimba, tukapiga picha, tukakaa juu muda mrefu kuliko tulivyopanga. Nilikuwa nimepiga hesabu ya masaa mawili kwenda na kurudi, ikawa masaa matano, maana kulikuwa na wanaoshindwa kupumua, mwalimu mwenzangu mtu mzima magoti yakamgomea njiani, na viatu vya watu vikafumuka. Tuliporudi tukamkuta binti amekaa pale pale na mabegi yetu, upepo unampiga. Akauliza, "Huko juu kukoje?"

Nikaanza kumweleza. Nilipofika katikati ya maelezo nikasikia aibu. Nilikuwa namchorea mlima. Kile kile nilichosema sitaki kukifanya ubaoni.

Sasa maoni yangu, na mnipinge kama nimekosea. Nadhani kosa halikuwa kwenye mguu wa yule binti. Kosa lilikuwa kwenye njia niliyoichagua. Nilichagua njia kwa miguu yangu, halafu nikaita "safari ya darasa". Hata yule mwalimu mwenye magoti nilimkosea. Na nikikumbuka shule nilizosoma, kila ziara ilikuwa hivyo hivyo: wenye nguvu wanapanda, wengine wanabaki na masufuria. Hakuna aliyewahi kuuliza kama kuna njia nyingine, na njia nyingine zipo tele!

Jumamosi mbili baadaye nilijaribu tena na kikundi kidogo cha waliotaka. Safari hii tulifuata barabara ya vumbi inayopita chini ya milima kati ya mashamba, ile ya mikokoteni ya ng'ombe. Karibu tambarare yote. Nikamwambia binti atangulie mbele, tufuate mwendo wake. Kilomita nne tumekwenda polepole na kupumzika mara nyingi. Jamani, nilijifunza kuliko siku ya kilele! Siku ya kilele kila mtu alikuwa anaangalia miguu yake na kuhema. Siku hii watu walikuwa wanaangalia nchi. Binti, ambaye kwao ni wakulima, ndiye aliyetueleza matuta ya intumba yanavyofanywa: majani yanafukiwa ndani ya tuta la duara yaoze, halafu ndo unapanda, udongo unapata rutuba bila kununua mbolea. Hiyo ni elimu ya Wafipa ya miaka mingi, na mie na diploma zangu za mbeleni nilikuwa nasikiliza. Tulipofika kwenye kibonde kidogo kilichoinuka kidogo upande wa pili, akageuka nyuma akasema, "Kumbe na hapa mji unaonekana." Akasimama pale. Hatukumharakisha.

Basi tangu siku hiyo nimekuwa nikizigawa njia za kwetu kichwani kwa makundi. Nawapeni hapa, atakayekuja Rukwa azitumie.

Kundi la kwanza ni njia za juu ya uwanda, za barabara za vumbi kuzunguka mji na vijiji vya jirani. Hizi zinafaa watoto wa chekechea, bibi na babu, mama mjamzito, mtu mwenye magongo, na wakati wa kiangazi hata baiskeli ya magurudumu matatu inapita. Ufipa miti ni michache, ni nyasi na mashamba, kwa hiyo macho yanakwenda mbali bila kupanda popote. Ubaya wake ni kwamba kivuli hakuna, na upepo wa Juni na Julai unakata kama wembe. Beba sweta. Msiniambie kwamba Tanzania ni nchi ya joto, njoo Sumbawanga mwezi wa saba tuongee.

Kundi la pili ni Mbizi. Hii ni ya wanafunzi wa sekondari na watu wazima wenye afya, nusu siku mpaka siku nzima. Si lazima ufike kileleni, hata ukingo wa msitu unatosha, na ukitulia bila kelele unaweza kubahatika kuwaona mbega. Ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo omba kibali na nenda na mtu anayeujua. Wageni kutoka Dar msijifanye mabingwa siku ya kwanza. Kwenye mita 1,800 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani, hivyo mapafu yanafanya kazi ya ziada kabla hata hujaanza kupanda. Kipimo changu ni rahisi: kama huwezi kuongea sentensi nzima huku unatembea, unakwenda haraka mno. Na masika, kuanzia mchana mawingu yanapojikusanya, shuka. Radi za kwetu mnazitania sana, lakini radi haihitaji mchawi, inahitaji mtu aliyesimama peke yake juu ya mlima usio na miti.

Kundi la tatu ni kushuka Lyamba lya Mfipa mpaka bonde la Rukwa. Hii ni ya wenye miguu ya chuma, na nashauri ushuke kwa miguu urudi kwa gari. Watu wanadhani kushuka ni rahisi, lakini magoti ndo yanalipa. Babu yangu ujana wake alikuwa anashuka huko kufuata samaki na kurudi na mzigo kichwani. Siku hizi magoti yamekwisha, hata ngazi tatu za kanisani anazipanda kwa hesabu. Nikimwona namkumbuka yule binti. Njia aliyoijua kuliko wote kijijini, leo hawezi kuikanyaga. Hakuna mtu mwenye miguu ya milele wadau, sote tuko safarini kuelekea kwenye kulinda mabegi.

Kundi la nne nimeliweka peke yake, Maporomoko ya Kalambo. Yako mpakani mwa Tanzania na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, na ni kati ya maporomoko marefu kabisa Afrika. Unakwenda kwa barabara ya Sumbawanga, Matai mpaka bandari ya Kasanga, ambayo yote ni kilomita 112, na maporomoko unayachepukia. Uzuri wa Kalambo ni kwamba sehemu kubwa ya utamu iko juu, pale maji yanapoanzia kuanguka, si mpaka uteremke korongoni. Kiangazi korongo mfukoshingo wanataga kwenye kuta za mawe. Watafiti nao wana hamu na mahali hapo: mwaka 2023 jarida la Nature lilitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, upande wa Zambia juu ya maporomoko, yenye umri wa miaka karibu 476,000. Yaani kabla hata ya binadamu wa aina yetu kuwepo, kuna aliyekaa Kalambo akafanya useremala! Kwa hiyo hapa mzee na mtoto wanaweza kupata kitu kile kile anachopata kijana. Ila ukingo ni wa hatari, mtoto ashikwe mkono muda wote.

Nimetaja masaa mawili yaliyogeuka matano, sasa niwape na hesabu. Mskochi mmoja, William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hiyo mtu akitaka kupanda kutoka bondeni mpaka juu, tuseme njia ya kilomita 10 na kupanda mita 900, ni masaa mawili kujumlisha saa moja na nusu, jumla masaa matatu na nusu. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye afya asiyesimama hata kunywa maji! Kwa darasa la watoto 40 mie sasa nazidisha mara mbili, halafu naangalia kama jua litatosha. Walimu wenzangu watarajiwa, andikeni hiyo.

Najua hoja zenu, maana nimeshabishana na wenzangu wa chumbani mpaka saa sita usiku. Mmoja alisema: mlima ni mlima, huwezi kuushusha kwa ajili ya mtu mmoja. Kweli, sitaki ushushwe. Hata Kilimanjaro haukushushwa, lakini una njia zaidi ya moja. Marangu ina vibanda vya kulala, Umbwe ni mwinuko mkali wa wababe, na kila mtu anachagua kwa kifua chake. Lushoto nako, anayetaka anatembea masaa machache tu kwenda Irente kuangalia nchi tambarare kule chini, na anayetaka zaidi anazunguka Usambara siku kadhaa. Wao wamezipanga njia zao zikajulikana. Zetu zipo, ila ziko kwenye vichwa vya wachunga ng'ombe.

Mwingine akanitolea mfano wa Spencer West, yule Mmarekani asiye na miguu aliyepanda Kilimanjaro mwaka 2012, sehemu kubwa kwa mikono yake. Akasema basi anayetaka ataweza. Namvulia kofia West, kwa kweli. Lakini hivi mtoto wa kidato cha pili ni lazima awe shujaa wa dunia ndo aone mji wake kutoka juu? Sisi wengine tunaouona bila ushujaa wowote, mbona hatudaiwi?

Wa tatu, huyu anasoma uchumi, akauliza hela iko wapi. Ndugu yangu, nazungumzia ubao na rangi. Pale njia inapoanzia pawe na ubao unaosema: kilomita ngapi, unapanda mita ngapi, masaa mangapi kwa mtu wa kawaida, kuna mawe au ni tambarare, maji yapo au hayapo. Mtu asome, apime mwenyewe. Kuweka magogo mawili matatu ya kukalia kila baada ya nusu kilomita, mafundi wa kijiji wanaweza kwa siku moja. Halmashauri na watu wa misitu wakitaka, wanafunzi wa Jiografia wa sekondari zetu wanaweza kuzipima njia hizo kama kazi ya darasa, bure! Na vijana wanaozijua njia wangepata cha kufanya badala ya kukaa kijiweni.

Na hili si suala la huruma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 inataja wazi burudani, michezo na mapumziko, ikiwemo kwa watoto shuleni. Mwaka 2010 tukatunga na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sisi wa ualimu tunazikariri hizo kwenye mtihani, tunapata maksi zetu, halafu tukifika chini ya mlima tunasema "asante kwa kulinda mabegi". Mie wa kwanza.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria, na ningependa kila anayesoma ualimu aichukue. Kabla ya kuchagua njia, mtafute yule atakayetembea polepole kuliko wote, muulize anaweza nini, halafu panga kuanzia hapo. Muulize yeye, usimkisie. Wenye nguvu wakitaka kilele, wapewe siku yao, sikatai, hata mie nitakwenda. Lakini siku inayoitwa ya darasa iwe ya darasa zima. Na mabegi kila mtu abebe lake.

Binti nilimuaga siku ya mwisho ya BTP. Aliniuliza kama Kalambo gari linafika karibu. Nikamwambia linafika. Akasema basi akimaliza kidato cha nne atakwenda. Nimeahidi tutakwenda wote, bumu likitoka nitaanza kuweka nauli kidogo kidogo, na nimeandika hapa ili mnikumbushe nikijifanya nimesahau.

Haya wadau, naishia hapa, kesho asubuhi nina testi na daftari sijaligusa. Kama kwenu kuna njia nzuri ya kutembea, iwe Njombe, Lushoto, Uluguru, popote, niambieni na mseme inafaa nani. Nasubiri kusikia kutoka kwenu. Usiku mwema!